Siku Sukari Iliposhuka Masumbwe

Mtu akikataa chai yangu, namkumbuka. Miaka ile nilikuwa nauza chai na chapati kwenye baraza la duka la Bi Jaya, pale Masumbwe, kando ya barabara kuu ambako malori ya kwenda Rwanda yalikuwa yanasimama kupoza injini. Wachimbaji waliotoka machimboni Geita na vumbi hadi kwenye kope walikuwa wakishuka kwenye gari wanauliza, "Chai ya Mama Bhoke ipo?" kabla hawajauliza choo kiko wapi. Kwa hiyo asubuhi ile Fundi Masele aliponirudishia kikombe na kuniambia, "Mama Bhoke, kuanzia leo yangu usiweke sukali," niliona kama nimetukanwa hadharani.

"Kwani chai yangu imekukosea nini, mzee?"

"Chai haijakosea. Nimekosea mimi. Nimezeeka."

Hilo si jibu. Huku kwetu chai isiyo na sukari anapewa mgeni unayetaka aondoke, naye akifika kwake atatangaza kwamba nyumba ile wana njaa ama wana roho mbaya. Na mimi, Ghati, Mkurya wa Tarime niliyeletwa huku na ndoa, hasira zangu hazichelewi. Niliimwaga ile chai pale pale mbele ya mashine yake na siku nzima sikumsemesha. Yeye akashona tu, anapiga mluzi.

Fundi Masele alikuwa Msukuma wa Didia, mgane, kichwa cheupe chote, suruali zake amejishonea mwenyewe kwa mtindo wa ujanani mwake, pana chini hadi zinafagia. Cherehani yake ya kukanyaga ilikuwa pale barazani kabla yangu na kabla ya Makoye, fundi baiskeli aliyekaa upande wa pili. Kila mtu Masumbwe alikuwa na kitu kilichopita chini ya sindano ile: gauni la kipaimara, sare ya shule, au basi hata kiraka tu. Alikuwa na heshima zake. Ukimwambia "Mwangaluka" asubuhi, anasimamisha mashine kwanza ndipo anakujibu.

Ugonjwa wake aliugundua Bi Jaya, na aliugundua kwa njia ambayo naona haya kidogo kuieleza, lakini nitaieleza. Kwa muda mrefu mzee alikuwa anakunywa maji kupita kiasi. Mtungi wangu ulikuwa unakauka kabla ya saa sita. Na maji yakiingia lazima yatoke, basi akawa kutwa anainuka kwenda nyuma ya stoo ya duka. Bi Jaya, bibi wa Kihindi mwenye duka, mjane, sari na raba nyeupe miguuni, akapita siku moja nyuma ya stoo akaona sisimizi wamejaa sehemu moja kama wameitwa kwenye sherehe. Alirudi moja kwa moja hadi kwenye cherehani.

"Fundi, pale nyuma hakuna mtu amemwaga soda. Nenda hospitali. Mimi nina ugonjwa huo tangu marehemu mume wangu yupo hai. Nawajua hao sisimizi."

Mimi sikuwepo kusikia hayo; kesho yake ndipo aliponirudishia kikombe. Binti wa mzee, Aneth, aliyekuwa akifanya kazi ofisini Shinyanga mjini, alikuja akampeleka hospitali, wakamthibitishia sukari, wakampa vidonge na masharti. Halafu Aneth akamchukua akae kwake. Hakukaa sana. Tulimwona tu asubuhi moja anashuka kwenye basi na begi lake, anavuta kitambaa kilichofunika cherehani.

"Mbona umerudi mapema?" nikamuuliza.

"Mayu, mama yangu, kule nilikuwa nakaa kwenye kochi. Wao wanaondoka asubuhi wote, mimi na kochi. Jioni wanarudi, wananikuta mimi na kochi." Akatia mafuta kwenye mashine. "Wananipenda kweli kweli. Lakini ningekufa pale, wala kochi lisingejua."

Aneth alimkubalia kwa shingo upande, na kwa sharti lililotundikwa juu ya baraza letu kama wingu: "Baba, siku utakayoanguka, nakuja na gari. Wewe utakuja kwangu, cherehani itauzwa." Tukawa tunalijua wote. Mzee mwenyewe alilijua kuliko wote, maana kwake kuondolewa kwenye mashine ile ndiyo mauti yenyewe, hiyo nyingine ingekuja tu kumalizia.

Basi akaanza kuishi kwa masharti. Mwalimu wake akawa Bi Jaya, na mwalimu mwenyewe mkali. Ugali haukupigwa marufuku ila ulipunguzwa ukubwa, ukazungukwa na mlenda, maharage na dagaa. Matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa, ambavyo mzee alikuwa anatafuna kutwa wakati anashona, vikawa vya kuonja. Bi Jaya akamletea karela, kile kitunda chenye vinundu ambacho uchungu wake unafika hadi masikioni. Mzee akala kipande kimoja kwa adabu, akaniambia pembeni kwamba kama dawa ndiyo hiyo, ugonjwa nao una sababu zake za kukaa.

Jioni walitembea. Ungewaona! Bibi wa Kihindi na sari yake na raba zake, mzee wa Kisukuma na suruali yake ya kufagia, wanakwenda hadi kwenye ghala la pamba na kurudi, wanabishana njia nzima. Watoto waliwafuata mwanzoni, baadaye wakachoka, maana hawa wazee walikuwa wanatembea kweli. Mzee akapungua kitambi, usingizi ukarudi, mluzi ukawa wa juu zaidi. Mimi nilishamsamehe. Nikawa namchemshia chai yake peke yake, natia tangawizi na mdalasini hadi inajitosheleza, na wateja wengine wakaanza kuiulizia.

Shida ilikuwa viatu. Aneth alimnunulia raba, kwa kuwa mwenye sukari miguu yake inakufa ganzi, akijikata hajui, na kidonda chake kinachelewa kupona. Mzee hataki. Maisha yake yote alikanyaga cherehani pekupeku.

"Mguu ndio unasikia uzi," aliniambia. "Nikiuvalisha kiatu unakuwa kiziwi."

Akaendelea hivyo hivyo hadi asubuhi moja Bi Jaya alipopita na kupiga ukelele. Pini ya kushikia kitambaa ilikuwa imezama kwenye kisigino cha mzee, imebaki kichwa tu, na yeye anakanyaga, anapiga mluzi, hana habari. Tuliichomoa, tukasafisha, zahanati wakamfunga. Hakubisha tena. Alivaa raba, na kwa muda fulani Masumbwe nzima ilivaa nguo zenye mishono iliyopinda. Kwaya ya parokia iliimba Pasaka na majoho ambayo pindo lake lilikuwa linapanda na kushuka, lakini hakuna aliyelalamika. Na kila asubuhi, kabla ya kazi, mzee aliweka miguu juu ya kigoda, Bi Jaya anavaa miwani, anaikagua vidole hadi nyayo. Wapita njia walidhani anampima viatu.

"Fundi, sukari?" Bi Jaya angeuliza.

"Imepanda kidogo, bibi. Jana nilikula wali wa msibani."

Na mimi pale jikoni moyo unaruka. Imepanda tena? Maana hiyo sukari nyingine, ya kununua, ndiyo iliyokuwa inaniua mimi.

Hapo ndipo mkasa ulipoanzia. Zilikuja zile mvua za El Niño, madaraja yakaondoka, barabara zikakatika, na sukari ikapanda bei hadi watu wakawa wanaitaja kwa kunong'ona. Bi Jaya akawa anaipima kwa vijiko. Nilipunguza kwenye chai, wateja wakanuna. Kila asubuhi Masumbwe nzima ilikuwa na swali moja tu: imeshuka?

Siku hiyo ilikuwa ya mnada. Mvua ilikuwa imepumua, watu wamejaa, ng'ombe wanalia, matope hadi magotini. Mzee Masele alikuwa amemeza kidonge chake asubuhi, na sheria ya kile kidonge ni kwamba ukikimeza, ule, la sivyo kinaishusha sukari ya mwilini hadi unaanguka. Uji wake niliuweka kwenye kibakuli pembeni ya mashine. Lakini wakaja watu wa harusi na vitambaa, huyu anataka shingo ya duara, yule anataka mikono mifupi, mzee akawa anasema "nakunywa sasa hivi, nakunywa sasa hivi," uji ukaota ngozi juu.

Mimi nilikuwa nimeinamia moto. Makoye ndiye aliyekuwa karibu naye. Alisimulia baadaye kwamba aliona mzee analowa jasho kwenye kivuli, mikono inatetemeka, kisha mzee akamshika yeye bega na kumwambia kwa sauti ya chini, "Makoye, sukali imeshuka. Sukali imeshuka sana."

Makoye, Mungu amsamehe, alitupa tairi aliyokuwa nayo mkononi, akageukia mnada mzima na kupaza sauti:

"Jamani eeeh! Sukari imeshuka!"

Sijapata kuona kitu kama kile. Mnada ulihama. Watu waliacha mbuzi katikati ya bei. Wenye bakuli walikuja na bakuli, wenye kofia walikuja na kofia, wachimbaji wakaja mbio na karai zao za kuoshea dhahabu. Wa kwanza kufika kaunta nilikuwa mimi, na sufuria yangu ya chai nimeimwaga njiani ili iwe tupu.

Bi Jaya alikuwa anapima chumvi. Aliinua macho akaona duka limejaa hadi mlangoni.

"Nini? Moto?"

"Sukari imeshuka, tupimie!"

"Imeshuka wapi? Nani amesema imeshuka?"

"Fundi Masele! Yuko hapo nje, amesema sasa hivi kwamba imeshuka sana!"

Nilikuwa mbele yake kabisa, nikauona uso wake unabadilika. Aliachia mizani, chumvi ikamwagika kaunta nzima. Alichota sukari kwenye gunia kwa kiganja, akainua ubao wa kaunta, akapita katikati yetu kwa viwiko, bibi wa umri ule, na mguu wangu ukakanyagwa na raba yake, hadi leo ukucha haujakaa sawa. Tulipomfuata nje, Fundi Masele alikuwa amekaa chini, kichwa amekiegemeza kwenye mguu wa cherehani, macho yako wazi lakini hayatutazami.

Niliogopa. Nasema wazi. Nilimpenda yule mzee kuliko nilivyojua, na nilikuwa nimesimama pale na sufuria tupu mkononi.

"Maji! Ghati, maji!" Bi Jaya alipiga kelele. Tukakoroga sukari kwenye kikombe, tukamnywesha kidogo kidogo, yeye anameza, Bi Jaya anamsemesha kwa Kihindi na Kiswahili kwa pamoja. Baada ya kitambo macho yakarudi. Alitutazama mmoja mmoja, akatazama kofia, bakuli, karai.

"Mnapanga foleni ya nini?" akauliza.

Tulicheka hadi wengine wakakaa chini kwenye matope. Na hapo hapo mchimbaji mmoja aliyekuwa nyuma, ambaye hakuona kitu, akauliza, "Kwa hiyo bei ni ile ile?"

Mzee alipomaliza uji wake na chapati juu, Bi Jaya akatuita kikao. "Hili neno sukari ni la dukani," alisema. "Safari ijayo mtaniua na duka langu. Fundi, tafuta neno lako."

Mzee alifikiri. "Nitasema uzi umekatika," alisema. "Mashine ikikatika uzi, inakwenda, lakini haishoni. Ndivyo ninavyojisikia."

Tukakubaliana. Akisema uzi umekatika, Makoye anamshika asianguke, mimi naleta chai ya sukari, Bi Jaya anakuja kusimamia. Nikatenga kifurushi cha sukari kwenye kopo langu, hakiguswi hata mteja awe mkuu wa wilaya. Neno likafanya kazi. Kipindi cha kiangazi mzee alilisema siku moja, wala hakufika chini, alikunywa, akala, akaendelea na kola ya shati.

Lakini habari ya mnada ilishapanda basi. Ilipofika Shinyanga ilikuwa imenenepa: baba yako alianguka, alizimia, watu walimkanyaga. Barabara zilipopitika vizuri, Aneth akaja na gari la kuazima.

"Shikamoo, Mama Bhoke."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chai."

Hakutaka chai. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala. Alipakia godoro la baba yake, sanduku lake, sufuria zake, bila kugombana na mtu. Mzee aliomba tu amalizie gauni la harusi lililokuwa kwenye mashine, kwa kuwa bibi harusi hana kosa. Aneth akakubali, akakaa kwenye benchi langu kumsubiri. Na mzee akashona polepole kuliko siku zote za maisha yake. Mshono mmoja anaurudia, anaukagua, anaurudia.

Nilitaka kumfokea yule binti. Nilikuwa nimeshajipanga na maneno. Lakini aliniwahi.

"Mama Bhoke, najua mnampenda. Ila ninyi ni watu wa biashara. Siku ya mnada kila mtu anahangaika na lake. Akidondoka nani atamwona? Mimi ndiye nitakayeletewa maiti. Sina baba mwingine."

Alikuwa anasema kweli, na machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nikageukia chapati zangu, nikaziunguza.

Mluzi haukuwepo siku ile. Ilisikika cherehani tu, trr, trr, inasimama, trr. Halafu ikasimama kabisa.

"Ah," alisema mzee. "Uzi umekatika."

Sikumbuki niliinukaje. Makoye aliruka juu ya baiskeli ya mteja akamkumbatia mzee kwa nyuma. Mimi nilikuwa na kopo mkono mmoja, kikombe mkono wa pili, nakoroga kwa kidole. Bi Jaya alitokea dukani, akamwacha mteja na noti yake hewani. Muuza nyanya wa ng'ambo ya barabara alikuja anakimbia na nyanya, sijui za nini. Dereva wa lori aliyekuwa anakunywa chai kwangu, mtu wa safari tu lakini hakosi kusimama hapo, alishika miguu ya mzee akainyanyua.

"Kuna nini? Baba! Kuna nini?" Aneth amesimama, mikono kichwani.

"Kunywa! Kunywa kwanza!" Nimeshamwekea kikombe mdomoni.

"Ngo... Mama Bho..." Mzee anageuza kichwa huku na huku, chai inamwagikia kifuani. "Niachieni! Uzi! Uzi wa mashine!"

Akafanikiwa kuchomoa mkono mmoja, akauinua. Kati ya vidole vyake kulikuwa na kipande cha uzi mweupe, kimekatika kweli.

Tulisimama pale, kila mtu ameshika sehemu yake ya mzee. Bi Jaya ndiye aliyeanza kucheka, akashika nguzo. Dereva akashusha miguu taratibu, akasema samahani. Makoye alianza kumweleza Aneth habari ya neno, sisi wengine tunamkatiza, tunaongezea, kopo la sukari linaoneshwa, mnada unasimuliwa upya na kofia zake na karai zake.

Aneth hakucheka. Alisikiliza hadi mwisho, anamtazama baba yake aliyelowa chai, anatutazama na sisi. Kisha akamwambia mzee kwa sauti ndogo, "Baba, ungesema hivyo sebuleni kwangu saa sita mchana, nani angesikia?"

Mzee aliinamia cherehani, akachukua ncha ya uzi, akaanza kulitafuta tundu la sindano. Macho nayo sukari ilikuwa imeshayapunguza. Alikosa upande wa kulia, akakosa upande wa kushoto. Kwa kawaida mimi ndiye niliyekuwa namtungia, nikainuka.

Aneth aliniwahi. Alipiga magoti kando ya mashine, akauchukua uzi kwenye vidole vya baba yake, akaulamba ncha, akafumba jicho moja na kuupitisha mara moja tu. Nadhani alishafanya hivyo sana utotoni.

"Haya, baba," akasema. "Shona."

Kisha akaenda kwenye gari kushusha godoro.